Aliyenifundisha kurudia dozi kwa sauti ni wakala wa M-Pesa

Wadogo zangu mnaoripoti thieta, chumba cha upasuaji, mwezi huu, karibuni. Kunawa, kuvaa glavu, kupanga vyombo, kujaza daftari, hayo mtaonyeshwa na wenyeji wenu, tena vizuri. Mimi nina jambo moja ambalo sikulipata chuoni wala wodini. Nililipata barabarani, chini ya mwavuli wa wakala.

Miaka yangu ya mwanzo ya uuguzi nilikuwa wodi ya watoto, zamu ya usiku. Kuna mtoto alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, analia kwa maumivu, nikampigia simu daktari wa zamu. Akaagiza pethidini, dawa kali ya maumivu ambayo dozi yake huenda na kilo za mtoto. Mnajua tunavyoongea: Kiswahili kitupu mpaka ifike namba, hapo tunahamia Kiingereza. Simu ilikuwa inakatakata. Yeye alisema "fifteen", mimi nikasikia "fifty". Ampuli ilikuwa ya miligramu 100, nikavuta nusu. Dada niliyekuwa naye zamu akatupia jicho bomba la sindano, akaniuliza, "Kwani huyo ana kilo ngapi?" Alikuwa na kilo 15. Mikono iliniganda. Tulimwaga ile dawa, tukampigia tena daktari, tukaanza upya. Mtoto alilala salama. Mimi sikulala, hata nilipofika nyumbani asubuhi.

Wiki ileile nikaenda kumtumia mama pesa. Kijana wa pale akaandika namba, kisha akanisomea tarakimu moja moja. Akataja kiasi: elfu ishirini. Akasoma jina lililotokea kwenye simu, akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akakataa kubonyeza. "Sema dada, ni yeye?" Nikasema ndiyo, ni yeye. Hapo ndipo kidole kilipogusa simu.

Nilisimama pale chini ya mwavuli, machozi yananilengalenga. Kijana huyu analinda elfu ishirini kuliko mimi nilivyomlinda mtoto wa watu.

Tangu siku hiyo, agizo la kwenye simu naliandika kwanza, kisha namsomea daktari mwenyewe: jina la mgonjwa, kilo zake, dawa, dozi kwa tarakimu. "Moja tano, siyo tano sifuri." Halafu nasubiri. Akijibu "mm" namwomba aseme ndiyo. Wapo walionikasirikia, nikawaacha wakasirike.

Baadaye nikaja kujua kwamba marubani wanafanya hivyohivyo siku zote. Mwongoza ndege akitoa maelekezo, rubani anayarudia, na mwongoza ndege anasikiliza ule mrudio ili akamate kosa. Lakini kwenye urubani kuna somo zito zaidi, na hili nawaomba mlisome polepole.

Machi 27, 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, ulikuwa umefunikwa na ukungu. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Walikufa watu 583. Ndani ya chumba cha marubani cha KLM, injinia wa ndege alikuwa ameuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Kapteni, ambaye alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, akaendelea kuongeza kasi. Baada ya jibu hilo injinia hakuuliza tena.

Alitilia shaka! Swali lilikuwa la kweli, na lilitoka mdomoni mwake kwa wakati. Lilizimwa na cheo cha mtu aliyelijibu. Baada ya hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo kusema mpaka wasikike, na wakubwa kusikiliza. Kwetu tuliolelewa kwa shikamoo, kumsahihisha mkubwa mbele za watu ni mtihani, na sitawadanganya kwamba mtauzoea haraka.

Ndiyo maana naipenda ile orodha ya usalama ya upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Wazo lake, la kupitia orodha kwa sauti, limeazimwa kwa marubani. Ina vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara yetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako hospitali zilitakiwa kutangaza hadharani zinavyoitumia orodha hiyo. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kusemea. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Mimi nasema nilichokiona kwa macho yangu: nimefanya kazi mahali ambapo karatasi ilikuwa na tiki zote huku mgonjwa bado yuko kwenye machela koridoni. Karatasi ya marubani tulikuwa nayo, ila kusemezana kwao hatukukuchukua. Mkiazima kitu kwa watu wa fani nyingine, kaeni nao muone kinavyotumika, muulize kwa nini hiki kinasemwa kwa sauti na kile hakisemwi.

Na sisi tunacho cha kutoa. Shemeji yangu ni fundi magari. Siku moja alifunga injini ya mteja, jioni akatafuta spana namba kumi haionekani, ikabidi gari lirudishwe usiku. Nikamweleza tunavyohesabu gozi, vile vitambaa vya kunyonya damu: watu wawili, kwa sauti, kila moja ikitenganishwa na mwenzake, kabla ya kuanza na kabla ya kufunga, na hesabu isipotimia hakuna kufunga. Alinisikiliza kimya. Sasa hivi ana kitambaa cheusi anachotandika kando ya gari, na kijana wake ndiye anayehesabu naye. Juzi nimewakuta wanabishana kwa sauti kama ni spana saba au nane, boneti iko wazi. Nilifurahi kweli.

Basi kesho asubuhi, kabla kisu hakijagusa ngozi, mtasikia kila mtu anataja jina na kazi yake. Wapya wengi hunong'ona hapo, wakidhani ni utambulisho tu. Lakini mtu aliyekwisha kufungua mdomo mara moja chumbani humo hapati shida sana kuufungua tena damu ikianza kwenda vibaya. Tajeni majina yenu kwa sauti ambayo hata mtu wa usingizi, kule upande wa kichwa cha mgonjwa, ataisikia.