Mkutano wa Soko Siku ya Bamvua

SWALI: Ami, assalaam alaykum. Mimi ni mama niko Pemba, kazi yangu mwani na pweza, na jioni nauza samaki sokoni. Baraza letu linataka kulihamisha soko la samaki kutoka hapo lilipo, karibu na kituo cha gari, kulipeleka eneo jipya nje ya mji. Mkutano wa maoni uliitishwa saa nne asubuhi, na siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yanapokupwa mbali. Wanawake karibu sote tulikuwa pwani. Waliokwenda ni wazee wanaume na vijana wachache wa gari. Tulipomuuliza sheha, msimamizi wa shehia yetu (eneo dogo la utawala), akatwambia maoni yameshachukuliwa na wananchi wameridhia. Mimi sipingi soko jipya, maana hili tulilonalo halina hata bomba la maji. Lakini sisi tunaokaa sokoni hatukuulizwa. Je, tumeshachelewa?
Muuza samaki, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Hamjachelewa, ila msikae.

Nimefanya kazi ya kuandika mihtasari ya vikao vya serikali za mitaa kwa miaka mingi, na barua yako imenigusa kwa sababu najua mkutano kama huo unavyoonekana ukishafika kwenye karatasi. Karani anaandika tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, halafu mstari mmoja: wananchi waliridhia. Mkubwa anayeusoma juu hajui kama ilikuwa bamvua. Hajui kwamba siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yetu hukupwa kabisa asubuhi, baina ya saa tatu na saa tano, na kwamba saa hizo ndizo mwanamke wa pwani anapata riziki yake. Mtu aliyepanga saa nne pengine hakukusudia kukufungieni mlango. Alitazama saa ya ofisi. Lakini kwenu athari ni ile ile, na nasema wazi kwamba kuwaita wauza samaki wakati wako kwenye miamba na mashamba ya mwani si kuwauliza.

Na kuulizwa ni haki yenu, wala msiombe kama fadhila. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 21, inampa kila Mzanzibari haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayohusu maisha yake. Soko ndiyo maisha yenu.

Sasa mjue mnazungumza na nani. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kazi zake ziko chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya 2014. Yeye amefikisha alichoambiwa afikishe. Mheshimuni, msigombane naye. Baraza lenyewe liko chini ya sheria nyengine, ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka huo huo, na ndani yake wamo madiwani mliowachagua nyinyi. Wapo pia madiwani wanawake wa viti maalum, na mara nyingi watu huwasahau. Diwani wa wadi yenu ndiye atakayenyanyua mkono suala la soko likifika kwenye kikao. Mwendeeni yeye kwanza, na mmoja wa hao wanawake.

Nendeni na barua. Maneno ya mdomo yanaishia kwenye kizingiti cha ofisi, nimeyaona mengi. Mwandikieni Mkurugenzi wa Baraza, nakala kwa diwani na kwa sheha. Watie saini wote wanaouza, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Chapisheni moja zaidi ibaki kwenu, na mkifika mapokezi ombeni ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Nakala ile yenye muhuri itunzeni vizuri. Siku mtu atakaposema hamkuleta maoni, mtaitoa.

Ndani ya barua, usianze na malalamiko ya mkutano. Yawekeni mwisho. Anzeni na soko, kwa sababu nyinyi mnalijua na wao hawalijui. Mnunuzi wa samaki wa jioni ni mtu aliyetoka kazini anayepanda gari kurudi kwao Konde, Mtambile au Kengeja. Ananunua fungu lake dakika chache kabla gari haijaondoka. Soko likienda mbali na kituo, mnunuzi huyo hatakufuateni, na samaki wa jioni ambaye hakununuliwa hana kesho bila ya barafu. Basi waulizeni: gari zitapita huko? Kama kituo kinabaki mjini, je, itawezekana kubakisha meza za jioni hapo kituoni na soko jipya liwe la jumla na mnada wa asubuhi? Hilo ni pendekezo, na pendekezo lina nguvu kuliko neno "hatutaki". Waulizeni maji safi yataingia kabla ya kuhamia au baada, maji machafu yatamwagwa wapi, na ushuru wa meza utakuwa kiasi gani kwa mama anayeuza fungu chache. Waulizeni kivuli, na choo cha wanawake. Choo usione haya kukiandika, mwanangu. Wanaume waliokwenda mkutanoni hakuna hata mmoja ambaye angekikumbuka.

Kisha ombeni mkutano mwengine, na muutaje wakati wenyewe: asubuhi ya maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, pale pale sokoni. Msiwaachie wao wachague saa.

Wahini mapema. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na miezi ya kabla yake ndiyo mabaraza hupanga fedha zitaingia wapi. Mradi ambao haujaingia kwenye bajeti, au umeingia lakini mkandarasi hajasaini, bado unabadilika. Tumewahi kuona ramani ikirudi mezani kwa barua moja iliyoandikwa vizuri. Mkandarasi akishasaini kazi inakuwa ngumu zaidi, ingawa hata hapo mpangilio wa meza na ushuru unaweza kuzungumzwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa diwani liwe hili: soko limo kwenye bajeti ya mwaka gani?

Na mkijibiwa, takeni jibu la maandishi linaloonesha nini katika maoni yenu kimekubaliwa na nini kimekataliwa, na kwa nini.

SWALI: Nilikwenda mkutano wa shehia kuhusu ada ya taka, nikasaini karatasi ya mahudhurio. Sasa nasikia saini zetu zimeambatanishwa kama kibali. Ni sawa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Si sawa. Saini ile inathibitisha ulikuwepo, haithibitishi ulikubali. Nenda ofisini uombe kuusoma muhtasari. Kama umeandikwa mlikubali na nyinyi hamkukubali, andikeni barua ya masahihisho haraka, kabla ya kikao kinachofuata, maana muhtasari huthibitishwa mwanzoni mwa kikao na hapo ndipo kosa linaporekebishwa. Safari nyengine, kabla hujasaini, soma kichwa cha karatasi. Kama hakina kichwa, kiandike mwenyewe kwa kalamu: mahudhurio.