Kikombe cha buluu kutoka Misri: usikinywee

Ndugu, unauliza kama kikombe cha fayansi chenye umbo la yungiyungi, ulichouziwa Luxor kuwa ni cha enzi za mafarao, waweza kukinywea chai. Hapana. Kujua kama ni fayansi kweli, tazama pale kilipomeguka. Fayansi si udongo wa mfinyanzi. Ni mchanga au kwatsi (aina ya jiwe gumu) iliyosagwa, ikachanganywa na chokaa kidogo na magadi, kwa hiyo ndani mara nyingi huwa nyeupe, yenye chembechembe kama sukari. Buluu yake hutokana na shaba. Ukiona wekundu wa kigae, umeuziwa chungu kilichopakwa rangi (nami nahisi ndivyo). Kikiwa cha kale kweli, balaa zaidi: Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale kwa sheria namba 117 ya mwaka 1983. Usikiuze, kawaone wataalamu wa makumbusho.