Kura zimeongezeka, kiti kimepotea: namna ya kusoma matokeo ya jimbo la Tokyo 1

SWALI: Nafundisha uraia sekondari. Wanafunzi wangu wameniletea jedwali la matokeo ya jimbo la Tokyo 1, Japani. Mwaka 2012 Kaieda Banri alipata kura 80,879, akashindwa, lakini akaingia bungeni. Mwaka 2014 alipata zaidi ya 89,000, akashindwa tena, na safari hiyo akabaki nje. Aliyeongeza kura anapotezaje kiti? Na viti hivyo vya walioshindwa ni kama viti maalum vyetu hapa Tanzania?

JIBU: Jedwali la wanafunzi wako liko sawa, mwalimu, na wamegusa mahali penyewe. Nimechambua matokeo ya chaguzi kwa miaka mingi, na sijaona jimbo linalofundisha utaratibu wa Japani vizuri kuliko hili.

Tuanze na karatasi za kura. Tangu uchaguzi wa 1996, mpiga kura wa Bunge la Chini hupewa karatasi mbili. Kwenye ya kwanza anaandika jina la mgombea wa jimbo, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Kwenye ya pili anaandika jina la chama. Kura hizo za vyama hazihesabiwi kijimbo, zinahesabiwa kikanda. Nchi ina kanda 11, na Tokyo peke yake ni kanda moja, iliyokuwa na viti 17 katika chaguzi zote mbili unazouliza. Hapo ndipo tofauti na viti maalum ilipo. Kwetu viti vile ni vya wanawake, na chama hugawiwa kwa kura zilezile za wabunge. Kule ni kura nyingine kabisa, na kiti ni cha yeyote aliye kwenye orodha ya chama.

Sheria inamruhusu mgombea wa jimbo awemo pia kwenye orodha ya chama chake. Chama kinaweza kuwapanga wagombea hao wote kwenye nafasi moja, tuseme wote namba moja. Watakaoshinda majimboni wanaondolewa kwenye orodha. Waliobaki wanapangwa kwa kipimo ambacho Wajapani hukiita sekihairitsu: unachukua kura za aliyeshindwa, unazigawa kwa kura za aliyemshinda katika jimbo hilohilo. Anayekaribia zaidi asilimia 100 anatangulia.

Sasa piga hesabu na wanafunzi ubaoni. Mwaka 2012 Yamada Miki wa LDP (chama cha Liberal Democratic) alipata 82,013. Gawa 80,879 kwa 82,013: unapata asilimia 98.6. Kaieda alikosa jimbo kwa kura 1,134 tu, akawa mbele kwenye foleni ya chama chake cha Democratic. Mwaka 2014 Yamada alipanda akapita 107,000, na kura 89,000 na ushei za Kaieda zikawa kama asilimia 83 tu ya kura za mshindi. Chama chake kilipata viti vitatu vya kanda ya Tokyo mwaka 2012, na vitatu vilevile mwaka 2014. Kilichobadilika ni nafasi yake kwenye foleni. Waziri mkuu wa zamani Kan Naoto wa chama hichohicho, aliyeangushwa jimbo la Tokyo 18 katika uchaguzi huo wa 2014, alikuwa mbele yake, na kiti alichopata kilikuwa cha mwisho kutangazwa nchi nzima, cha 475.

Uzito wa jambo lenyewe ni huu: baada ya kuokolewa na orodha mwaka 2012, Kaieda alichaguliwa kiongozi wa chama, Desemba hiyohiyo. Kwa hiyo mwaka 2014 aliyebaki nje alikuwa mkuu wa upinzani mwenyewe. Ikakumbushwa habari ya Katayama Tetsu, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, aliyeanguka 1949. Kaieda alijiuzulu uongozi.

Wanafunzi wakirudi nyuma kwenye jedwali watakutana na jina la Yosano Kaoru, na hapo wasiharakishe. Yosano alikuwa LDP, mjukuu wa mshairi Yosano Akiko. Mwaka 1993, chini ya utaratibu wa zamani wa jimbo moja kutoa wabunge kadhaa, yeye na Kaieda waliingia wote wawili. Kiti kilipobaki kimoja ikabidi wagombanie: Yosano akashinda 1996, Kaieda 2000 na 2003, Yosano 2005, Kaieda 2009. Mwaka 2000 Yosano alibaki nje kabisa, lakini 2003 na 2009 orodha ilimrudisha. Kaieda naye, 2005, hakurudishwa.

Kisa cha 2009 kina funzo lake la kisheria. Yosano aliingia kwa kiti cha orodha ya LDP, kisha Aprili 2010 akakihama chama na kuanzisha kingine na wenzake. Kwa nini hakupoteza ubunge? Kwa sababu sheria inamnyang'anya kiti mbunge wa orodha anapohamia chama kilichoshindana na chake kwenye uchaguzi ule. Chama kipya hakimo katika katazo hilo, wala kubaki bila chama. Januari 2011 akaingia katika serikali ya Kan na kupewa wizara ya sera za uchumi iliyokuwa ya Kaieda, mtu aliyemshinda jimboni. Kaieda akahamishiwa wizara ya uchumi, biashara na viwanda, akawaambia waandishi kwamba maisha hayana mantiki. Kwangu mimi malalamiko ya wapiga kura wa LDP yalikuwa na haki: walipigia chama, chama kikapoteza kiti bila uchaguzi.

Baada ya hapo Kaieda alishinda 2017, Yamada 2021, Kaieda tena 2024. Mara zile mbili za kwanza aliyeshindwa alirudi kwa orodha.

Tahadhari moja kabla hawajachora grafu. Jimbo hili lilikuwa la wilaya tatu za katikati ya jiji: Chiyoda, penye kasri la mfalme na jengo la bunge, pamoja na Minato na Shinjuku. Mwaka 2017 vipande vya Minato na Shinjuku vilihamishiwa majimbo jirani, na kufikia 2024 Minato yote ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo idadi za kura za 2014 na za 2024 zisiwekwe kwenye mstari mmoja. Wachore asilimia, na waweke alama kwenye kila mwaka ambao mipaka ya jimbo ilisogezwa.