Kutafuta ubatizo wa kabla ya 1837 Uingereza

Ndugu, umesema ndoa ya babu mkuu wa mkeo umeiona kaunti ya Norfolk, 1796, ila ubatizo wake haupatikani. Usikate tamaa. Uandikishaji wa vizazi na vifo wa serikali ulianza Julai 1837. Kabla ya hapo tegemeo ni vitabu vya parokia, yaani vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, vilivyoanza 1538.

Rudi kwenye ile ndoa. Tangu 1754 maharusi na mashahidi walitia sahihi, na asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba. Wafuatilie mashahidi, maana mara nyingi alikuwemo ndugu. Na babu huyo akiandikwa "wa parokia hii", jua maana yake ni kuwa aliishi hapo, si lazima alizaliwa hapo. Huenda alizaliwa kijiji jirani, basi pekua na parokia za karibu.

Kitabu kikiwa kimeoza, uliza nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Hifadhi ya nyaraka ya Norfolk iko Norwich.

Ukipata mtoto mwenye jina lake, tafadhali pitia kwanza vitabu vya mazishi. Wengi walifariki wachanga, na mdogo wake aliyefuata akapewa jina lilelile.