Honda ya magurudumu matatu isiyo na injini: kwanza itazame ekseli

Ndugu yangu, salaam. Umepata Honda ya miaka ya themanini, ile ya magurudumu matatu ya kupita mchanga na matope, imelala uani kwa mtu huko Mtwapa. Injini yake imefunguliwa na vipande viko ndani ya karai. Mwenyewe ataka elfu sitini. Wewe waitaka ya kubebea nazi na majani ya ng'ombe shambani Vipingo, na Jumapili uiteremshe pwani na vijana. Wauliza kama injini itapatikana.

Itapatikana, na katika chombo hicho hakuna kitu rahisi kupata kuliko injini. Hapa Mombasa, Kisauni mpaka Changamwe ni injini za boda tupu, za cc 125, 150 na 200, nzima na kuukuu. Sisi tuko na ATC 200 (ATC ndilo jina la Honda hizi za magurudumu matatu) shambani upande wa Kilifi, inakwenda kwa injini ya Kichina ya boda miaka kadhaa sasa, na pesa zilizotutoka kwa injini ni chache kuliko zilizotutoka kwa ekseli na tairi. Kwa hivyo nenda Mtwapa ukainunue fremu, ekseli, habu na rimu. Hivyo vikiwa vibovu, hata upewe injini mpya bure bado utapata hasara.

Ekseli ya nyuma ya Honda hizi ni chuma kimoja kizima, haina difu, yaani zile gia zinazoacha gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jingine kwenye kona. Habu za magurudumu zimeshikwa na meno yaliyochongwa kwenye ncha za ekseli. Meno hayo yakiliwa, gurudumu huanza kucheza, kisha huzunguka peke yake, na chombo hakivuti vizuri tena. Iinue nyuma, iweke juu ya kigogo. Mtu ashike gurudumu moja kwa nguvu, nawe uzungushe la pili. Likisogea hata kidogo kabla ya lile jingine kuitika, meno yameliwa. Kisha sukuma gurudumu juu na chini. Ukisikia kugonga, beringi zimekwisha, na hilo si tatizo kwa sababu nambari ya beringi imeandikwa pembeni na maduka ya mjini watakupa. Ekseli yenyewe ndiyo hutaipata. Fundi mzuri wa kukereza Shimanzi aweza kukuchongea meno mapya, lakini chuma chenyewe kiwe cha aina inayofaa. Mmoja alituchongea kwa chuma laini, ikajinyonga msimu wa kwanza tu wa kubeba nazi.

Baada ya ekseli, chumvi. Chombo kilichokaa miaka ufuoni huliwa kutoka ndani, rangi ya juu ikiwa bado nzuri. Chukua bisibisi butu, lala chini, gonga bomba za chini za fremu na ule mkono wa nyuma unaoshika ekseli. Mlio mzito usiolia, au bisibisi ikizama, ujue pamebaki ganda. Mkono wa nyuma ukioza usidanganywe na mtu wa kuchomelea atakayeubandika kipande. Pale ndipo uzito wote na mvuto wote wa cheni unapokaa.

Tairi nazo ni za puto, za upepo mdogo mno, psi 2 hadi 3. Soma nambari pembeni, mfano 22x11-8, kisha uulizie bei kabla hujatoa hata shilingi. Ya mbele ndiyo ngumu zaidi kupata. Ukizipata, tafadhali usizipeleke kujazwa kituo cha mafuta. Kijana ataweka thelathini kama za gari, na tairi itapasuka au itakuwa ngumu chombo kiruke kama mpira. Tumia pampu ya baiskeli na kipimo cha upepo mdogo.

Turudi kwenye injini. Jambo la kwanza ni kujua kama hiyo ni ya cheni au ya shafti, yaani chuma kinachozunguka kupeleka nguvu nyuma badala ya cheni. Big Red ya 250, ile ATC250ES ya 1985 hadi 1987, ina shafti na gia ya kurudi nyuma. Injini ya boda haiingii humo bila kuunda upya nyuma nzima, na hapo ningekuambia uiache. Ikiwa ni ya cheni, kama 110, 185 au 200, endelea. Kwenye 110 injini imelala, mtindo ule wa Honda ndogo za zamani, na injini za Kichina zilizolala za 110 na 125 hukaa pale kwa marekebisho madogo. Za 185 na 200 utahitaji kuchomelea vishikio vipya vya injini kwenye fremu.

Kabla fundi hajawasha mashine yake ya kuchomelea, funga sproketi zote mbili na cheni, nyosha uzi kutoka ya mbele hadi ya nyuma. Uzi ukipinda, cheni itakuwa inaruka kila siku. Angalia pia saizi ya cheni: boda nyingi ni 428, ilhali Honda za 200X na 250R hutumia 520. Na kuna jambo wengi hawalifikirii. Hizi 110, 185 na 200 za kawaida (si 200X) hazina mkono wa klachi, klachi inajifanya yenyewe, na kwenye nyingi mkono wa kushoto ndio breki ya nyuma. Ukitia injini ya boda utahitaji mkono wa klachi hapo hapo, kwa hivyo breki ipange vizuri iwe ya mguu kabla hujaijaribu kwenye njia za shambani.

Lakini usitupe lile karai! Mwombe akuonyeshe krenki, silinda na kichwa. Silinda iliyochubuka hukerezwa na kutiwa pistoni ya saizi ya juu, milimita 0.25, 0.50 mpaka 1.00. Krenki ikiwa haijacheza, kuijenga upya injini ya Honda ni bora kuliko ya boda, kwa sababu gia zake ziliundwa kwa kazi ya polepole yenye mzigo. Kama lile ganda la alumini linaloshika krenki limepasuka, basi chagua boda.

Ikiwa ni 250R, au Kawasaki Tecate, au Yamaha Tri-Z, hizo ni tusitroki (two-stroke) za mashindano. Usiikate fremu yake, na usiifanye ya nazi. Kuna watu Marekani wanaozitafuta kwa hamu.

Sasa hili la vijana na pwani, na hapa nasema kwa uchungu. Hizi zilianza 1970, na kufikia 1988 Honda na wenzake walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza mpya, kwa sababu ya watu walioumia na kufa. Sababu moja ni hiyo ekseli isiyo na difu. Haikati kona kwa kugeuza usukani tu, lazima uhamishe mwili. Asiyejua huogopa, huteremsha mguu kujizuia kama kwenye pikipiki, na gurudumu la nyuma humpanda mguu huo huo. Sisi kwetu mtoto haigusi, na hakuna mshikaki, hata mtu mmoja wa nyuma hapakiwi. Kwa nazi, funga tela ndogo nyuma, uzito ukae chini. Ukiona hutaweza kuwazuia vijana, nunua boda na tela, nazi zitafika vilevile.

Barabara kuu usiiguse. Bila usajili wala logibuku huna pa kusimama ukikamatwa, na usitegemee kuagiza nyingine nzima ya kuvunja spea, Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Bei: elfu sitini ni ya chombo kinachotembea. Ekseli ikiwa nzima, fremu haijaliwa, rimu hazijaoza na karai lina krenki nzuri, mimi ningeanza kwa ishirini nisizidi thelathini na tano. Ekseli ikiwa imeliwa, nisingetoa zaidi ya kumi. Nenda asubuhi na fundi wako, si wa muuzaji, na nambari ya fremu uiandike. Ikiwa inaanza na JH3, herufi ya kumi ndiyo mwaka: D ni 1983, E 1984, F 1985. Iweke hapa pamoja na picha ya ncha ya ekseli, nitakuambia ni ipi na injini gani itaiingia.