Jicho jekundu baada ya chanjo: usikimbilie matone ya dukani

Juzi mdogo wangu mmoja anayefuatilia makala zangu kaniandikia. Kachomwa dozi ya pili ya chanjo ya homa ya ini B, baada ya siku chache jicho la kushoto likawa jekundu, linauma, na akitoka juani hawezi kulifungua. Swali lake: "Dada, nidondoshee nini?" Nikamjibu palepale: usidondoshee kitu, nenda kwa daktari wa macho leo hii.

Najua ninachosema kwa sababu yalinikuta. Chanjo ilikuwa hiyohiyo, ile inayochomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Baada ya sindano ya pili jicho likaanza kuuma kwa ndani, maumivu yanapanda hadi kwenye nyusi. Herufi za simu zikawa na ukungu. Duka la dawa wakanipa matone ya antibiotiki na kuniambia ni macho mekundu ya kawaida. Lakini macho mekundu ya kuambukizana huwasha na kutoa tongotongo, na mimi sikuwa na tongotongo hata punje.

Hospitali niliweka kidevu kwenye kile kifaa chenye taa nyembamba. Daktari akanieleza kwamba anaziona chembe zikielea ndani ya jicho, mbele ya mboni, kama vumbi kwenye mwali wa jua unaopenya dirishani. Ugonjwa wenyewe unaitwa yuveitisi, yaani uvimbe wa tabaka la kati la jicho. Ukiachwa, mboni hugandana na lenzi, na hapo unajitafutia mtoto wa jicho, presha ya macho, hata upofu.

Akaniuliza kuhusu maumivu ya mgongo, vidonda vya mdomoni, kifua kikuu. Akapima damu, kaswende ikiwemo, kwa sababu yuveitisi ina vyanzo vingi. Vipimo vyote vikarudi safi. Hapo ndipo aliposema huenda ni chanjo. Huenda! Madaktari wamewahi kuripoti wagonjwa wa namna hii baada ya chanjo za homa ya ini B, HPV (virusi vya saratani ya shingo ya kizazi), mafua na UVIKO-19, lakini ni wachache mno, na ugonjwa kufuata sindano hakuthibitishi kwamba sindano ndiyo iliyouleta.

Hilo "huenda" ndilo lililoniumiza zaidi ya jicho. Watu wa karibu kabisa walilichukua wakalifanya tangazo: "Si tulikwambia chanjo hizo!" Mpaka leo linaniuma. Homa ya ini B inaua watu kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini, halafu jicho langu ligeuzwe sababu ya kuwatisha wengine wasichanje? Sikubali. Jicho lilipotulia nilikaa na daktari, tukapima faida na hatari, nikachoma dozi ya tatu chini ya uangalizi wake. Jicho halikurudia, na ninajivunia uamuzi ule.

Sasa nisikilizeni. Maumivu, mwanga kuuma na kuona ukungu vikija pamoja, hiyo si kazi ya duka la dawa. Matone ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, ndiyo dawa ya yuveitisi, pamoja na yale ya kupanua mboni, lakini steroidi bila kupimwa ni hatari: kama ndani kuna virusi vya hepesi, itavichochea. Ukiandikiwa, tikisa chupa vizuri kabla ya kudondosha, na usiache ghafla eti jicho limekuwa jeupe. Dozi hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari.

Na toeni taarifa. Hapa Tanzania, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) hupokea taarifa za maudhi ya dawa na chanjo, na mhudumu wa kituo ulichochanjwa anaweza kukusaidia kujaza fomu. Nenda na kadi yako ya chanjo. Kama haina jina la chanjo na namba ya toleo, mwombe aangalie kwenye daftari la kituo.