Uliza Ujibiwe: Jengo lipo kwenye orodha ya urithi, mbona linabomolewa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nlikua najua jengo la kale likishaingizwa kwenye orodha ya serikali basi limepona, hakuna wa kuligusa. Sasa nasoma eti kule Marekani mtu anaweza kuangusha jengo lake lililosajiliwa kitaifa na asishtakiwe. Inakuaje? Au kila nchi na mambo yake?

JIBU: Kila nchi na mambo yake, ndo hivo. Kuna orodha za heshima tu na kuna orodha zenye meno, na hiyo uliyosoma ni ya heshima. Inaitwa National Register of Historic Places, ilitokana na sheria ya 1966, na kwa mtu binafsi anayetumia hela zake mwenyewe haimzuii kitu, akiamua kubomoa anabomoa. Isipokua kama ndani ya mradi kuna hela au kibali cha serikali kuu, hapo idara inayohusika lazima isimame kwanza, iangalie jengo litaathirikaje na isikilize wadau, ila baada ya hapo haifungwi kukataa, ikitaka inaendelea.

Meno ya Marekani yako kwenye miji. New York ilitunga sheria yake 1965, watu wakiwa bado na uchungu wa stesheni ya Penn iliyoanza kubomolewa 1963. Stesheni nyingine, Grand Central, ikalindwa 1967. Wenye nayo walitaka kusimamisha mnara wa ofisi juu yake wakakataliwa, wakaenda kortini wakidai huko ni kunyang'anywa mali bila fidia, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na 1978 wakashindwa, majaji 6 kwa 3. Hii kesi naipenda sana kwa sababu ya hoja yake: stesheni bado inafanya kazi na inaingiza hela kama zamani, na ile haki ya kujenga kwenda juu waliruhusiwa kuihamishia viwanja vyao vya jirani, sasa wamenyang'anywa nini?

Uingereza ndo usiende na mzaha. England peke yake orodha ina maingizo karibu 400,000, yako ya daraja la I (la juu kabisa), II* na II, na zaidi ya 90% ni hilo la II. Watu wengi hudhani daraja la II maana yake linda sura ya mbele, ndani fanya utakavyo. Wapi! Ngazi, milango, mapambo ya dari, vyote vimo, na ukibadilisha jengo kiasi cha kuharibu hadhi yake bila kibali ni kosa la jinai, jela mpaka miaka 2, faini haina kikomo, na kusema hukujua kama limeorodheshwa hakukuokoi. Halafu kuna kisa cha baa moja London, Carlton Tavern, ambayo 2015 ilikua haijaorodheshwa hata, ndo kwanza inafikiriwa, mwekezaji akawahi kuiangusha bila kibali chochote. Halmashauri ya Westminster ikamwamuru aijenge upya kama ilivyokua, na akajenga kweli, ikafunguliwa tena 2021. Wajanja wa kubomoa wikiendi ofisi zikiwa zimefungwa nadhani waliisoma hiyo habari mara mbili.

Ufaransa wao wana viwango viwili vya ulinzi kwa sheria ya 1913, ila kinachowashangaza wageni ni nyongeza ya 1943: eneo la mita 500 kuzunguka jengo la kale lililolindwa nalo linahusika. Yaani nyumba yako inaweza kua ya juzi tu, haina historia yoyote, lakini ukitaka kubadilisha madirisha mchoro unapita kwa msanifu wa serikali. India wameenda mbali zaidi, tangu 2010 mita 100 kutoka jengo la kale linalolindwa kitaifa ujenzi mpya marufuku, na mita 200 zinazofuata ni kwa kibali.

SWALI: Sawa wanalinda, ila gharama nani analipa? Mwenye nyumba anabebeshwa mzigo wa taifa zima peke yake?

JIBU: Mara nyingi ndio, na hapa ndo sheria nyingi ni dhaifu. Marekani wanakusamehe kodi ya serikali kuu sawa na 20% ya gharama za ukarabati, lakini jengo liwe la biashara au la kupangisha, nyumba unayolala mwenyewe haimo. Uingereza walikua na msamaha wa VAT kwa mabadiliko yaliyopata kibali wakaufuta 2012, kwahiyo leo kujenga nyumba mpya VAT ni sifuri, kukarabati ya kale 20%. Mi hii siielewi mpaka kesho.

Na mwenye jengo akichoka anaacha tu paa livuje. Kukataza kubomoa ni rahisi, kumlazimisha mtu atengeneze ni shughuli. Uingereza halmashauri inaweza kufanya matengenezo ya dharura ikamdai yeye, au impe notisi ya ukarabati na akipuuza jengo linachukuliwa kwa kulipwa, ila halmashauri nyingi zinaogopa hiyo bili. Japani walijaribu njia laini, 1996 wakaongeza usajili mwepesi kwa majengo yaliyozidi miaka 50, ambapo ukitaka kubadilisha sura ya nje unatoa taarifa kabla badala ya kuomba ruhusa. Wakali wa uhifadhi wanaweza kuiona legelege, mi naona afadhali hiyo kuliko mwenye nyumba anayejificha asijulikane ana jengo la kale.

SWALI: Na UNESCO je, si wanaweza kuzuia?

JIBU: Hawana polisi wala mahakama. Mkataba wa 1972 unazifunga nchi zenyewe, na kinacholinda ukuta ni sheria ya nchi na ya mji husika, kwahiyo ukiona jengo lina kibao cha urithi wa dunia bado uliza sheria ya hapo inasemaje. Silaha yao kubwa ni kukufuta kwenye orodha yao ya urithi wa dunia. Liverpool ilifutwa 2021 sababu ya ujenzi mpya kwenye eneo la bandari ya kale. Dresden ya Ujerumani ilifutwa 2009 kwa kung'ang'ania daraja jipya juu ya mto Elbe, wakazi walishalipigia kura wakalikubali, likamaliziwa 2013 na magari yanapita mpaka leo.